Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu Aliyekataa Kusubiri Vita Viishe



Ndugu msomaji, katika toleo hili nimeombwa niandike maisha ya mwanamke mmoja ambaye vijana wa leo wanapaswa kumjua. Nimemchagua Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Rwanda. Aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 40.

Najua wapo watakaouliza: mama huyu alikuwa Mkatoliki, na gazeti hili ni la wanafunzi Waislamu, kwa nini yeye? Jibu langu ni fupi. Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walipoteswa Makka, walikimbilia Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo, kwa sababu katika nchi yake hakudhulumiwa mtu. Waislamu wanamtaja kwa wema mpaka leo. Mwenye kusimamia haki tunamtaja kwa haki aliyoisimamia. Zaidi ya hayo, mbele kidogo utaona kwamba ndani ya kisa hiki yumo Mwislamu mwenzetu, na nafasi yake si ndogo.

Naandika haya nikiwa likizo nyumbani Gashonga, wilaya ya Rusizi, katika eneo ambalo wazee bado wanaliita Cyangugu. Hapa kwetu mwanamke huamka kabla ya alfajiri. Yupo anayekwenda shambani na jembe, na yupo anayejitwika kikapu kuelekea mpakani, avuke mto Rusizi akauze bidhaa zake Bukavu, jioni arudi kupika. Mtu kama huyo akiuliza habari ya haki yake, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba asubiri. Kwanza njaa iishe. Kwanza usalama upatikane. Hata sisi wasomi tunalo jibu hilo. Nimekaa katika vikao vya wanafunzi ambapo dada akiomba nafasi ya kuongoza jambo, anaambiwa kwa upole kwamba hoja yake ni nzuri ila wakati wake bado.

Maisha ya Agathe ni jibu kwa neno hilo. Kazi yake yote ya serikali aliifanya nchi ikiwa vitani.

Binti wa wakulima

Agathe alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, katika iliyokuwa mikoa ya kusini ya Butare, karibu na mpaka wa Burundi. Wazazi wake walikuwa wakulima Wahutu. Kwa muda familia ilihamia Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, kutafuta kazi, kisha ikarudi Butare. Zama hizo binti wa mkulima kufika sekondari lilikuwa jambo la nadra. Msichana aliandaliwa kuwa mke, na shule nyingi za wasichana zilifundisha mapishi na ushonaji kuliko hesabu.

Yeye alifaulu akapata nafasi katika shule ya wasichana ya Notre Dame des Cîteaux mjini Kigali. Alipomaliza alikuwa mwalimu. Mwaka 1976 alianza kufundisha hisabati Butare, na mwaka huohuo akaolewa na Ignace Barahira, kijana aliyetoka kijijini kwao. Mungu aliwajaalia watoto watano.

Ndoa na ulezi havikumtoa darasani. Akiwa mke na mama aliingia Chuo Kikuu cha Taifa, akahitimu shahada ya sayansi katika kemia mwaka 1985, kisha akaendelea kufundisha somo hilo hapo Butare. Kwa wasomaji wetu wa kike wanaosoma sayansi, hebu fikirini mwanamke aliyesimama mbele ya darasa la kemia miaka ile, mgongoni ana mtoto wa kumlea na nyumbani kuni za kuwasha. Wapo waliomlaumu kwa kuwavuta wasichana kwenye masomo yaliyodhaniwa ni ya wavulana. Aliendelea kuwavuta.

Mwaka 1986 alianzisha chama cha kuweka na kukopa miongoni mwa wafanyakazi wenzake wa shule. Huko ndiko jina lake lilikoanza kusikika hadi Kigali, na mwaka 1989 aliitwa kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara. Mpaka hapo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu anayejua kupanga mambo.

Vita na orodha ya matokeo

Tarehe 1 Oktoba 1990 jeshi la RPF liliingia Rwanda kutoka Uganda, na vita vikaanza. Watutsi waliokuwa ndani ya nchi walikamatwa kwa maelfu kwa kudhaniwa kuwa wasaidizi wa adui. Desemba mwaka huo gazeti la Kangura likachapisha zile amri kumi za chuki. Inafaa kila msichana ajue kwamba amri za mwanzo kabisa zilihusu wanawake. Mwanamke Mtutsi alielezwa kuwa ni mtego wa adui, na mwanamume Mhutu aliyemuoa au kumpa kazi akaitwa msaliti. Vita vilikuwa havijamaliza hata miezi mitatu, na tayari mwili wa mwanamke ulikuwa umefanywa uwanja wa mapambano.

Vyama vingi viliporuhusiwa, Agathe alijiunga na MDR, chama cha upinzani. Aprili 1992 ikaundwa serikali ya mseto, naye akapewa Wizara ya Elimu ya Msingi na Sekondari.

Ili uelewe alichofanya, ni lazima ujue utaratibu aliourithi. Mtoto alipomaliza shule ya msingi, alama zake peke yake hazikumtosha kwenda sekondari. Nafasi ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Mtutsi mwenye alama za juu aliweza kubaki nyumbani, na Mhutu wa kusini au wa huku kwetu magharibi aliweza kupitwa na mwenzake wa kaskazini, alikotoka rais. Majina yalipangwa ofisini, na mzazi wa kijijini hakuwa na njia ya kujua kwa nini mwanawe ameachwa.

Nyumbani kwetu hilo si somo la historia tu. Mama yangu mkubwa alimaliza darasa la mwisho miaka ya themanini, na walimu wake walisema ndiye aliyeongoza. Jina lake halikutoka. Hakuna aliyemweleza sababu, na babu hakuwa mtu wa kwenda kuuliza maofisini. Jumatatu iliyofuata alikabidhiwa jembe. Sasa ana zaidi ya miaka hamsini, na anapiga hesabu za mkopo wa kikundi chao cha akina mama kwa kichwa, haraka kuliko mimi nikitumia simu.

Nasi Waislamu wa Rwanda tulikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Kwa hiyo wengi wetu tulibaki wafanyabiashara, madereva na mafundi, na jina la Waswahili tukapewa kama la dharau. Mtu aliyesema kwamba nafasi ya shule itolewe kwa alama za mtoto na si kwa kingine chochote, alikuwa anatusemea na sisi, hata kama hakututaja.

Agathe ndiye aliyesema hivyo. Aliufuta mgawo wa kikabila, akaamuru nafasi za sekondari na misaada ya masomo zitolewe kwa mpangilio wa alama, kila mtu aone. Kwa macho ya leo ni agizo dogo la kiofisi. Kwa wakati ule lilikuwa ni kuugusa mzizi wa utawala wenyewe, kwa sababu utawala ulisimama juu ya wazo kwamba kabila ndilo linaloamua mtu atapata nini.

Wakubwa walilielewa hilo vizuri. Mwezi Mei 1992, majuma machache tu baada ya kushika wizara, watu wenye silaha waliivamia nyumba yake wakampiga. Magazeti ya chuki yakamgeukia. Walipokosa hoja juu ya kazi yake, walichora vibonzo vichafu vya mwili wake na kumwita malaya. Wanaume waliokuwa naye katika upinzani walitukanwa kwa siasa zao. Yeye alitukanwa kwa uanamke wake. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida.

Mwaka huo wa 1992 pia mawaziri wanawake wa elimu barani Afrika walianzisha FAWE, jumuiya ya kupigania elimu ya wasichana. Jumuiya hiyo ipo mpaka leo, na ina shule ya wasichana Kigali.

Waziri mkuu wa miezi tisa

Februari 1993 vita vilipamba moto tena, na karibu watu milioni moja wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Mazungumzo ya amani yalikuwa yakiendelea Arusha. Katikati ya hali hiyo, tarehe 17 Julai 1993, Agathe aliteuliwa kuwa waziri mkuu, na kesho yake akaapishwa. Siku chache kabla yake, jirani zetu wa Burundi walikuwa wamempata Sylvie Kinigi kwa cheo hichohicho. Kabla ya hao wawili, Afrika ilikuwa imemjua waziri mkuu mmoja tu mwanamke, Elisabeth Domitien wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Uteuzi ule ulikipasua chama chake. Upande mmoja wa MDR ulimfukuza uanachama pamoja na Faustin Twagiramungu, mzaliwa wa huku kwetu Cyangugu, aliyekuwa amepangiwa kuongoza serikali ya mpito baada ya amani. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993, na wakati huohuo Rais Habyarimana akatangaza kumuondoa Agathe madarakani. Lakini serikali ya mpito ilicheleweshwa mwezi baada ya mwezi, naye akaendelea kushikilia ofisi hadi itakapoundwa. Fikiria hali yake: chama kimemkana, rais amemwachisha, redio inamtukana, na bado kila asubuhi kuna barua za kusaini na nchi ya kuendesha.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu tunaposema usawa wa wanawake ni rahisi kudhani tunazungumzia kuhesabu viti. Katika serikali hiyohiyo alikuwemo mwanamke mwingine wa Butare, Pauline Nyiramasuhuko, na wizara yake ilikuwa ya familia na maendeleo ya wanawake. Mwaka 1994 huyo alishiriki mauaji ya kimbari nyumbani kwao, na mwaka 2011 mahakama ya kimataifa ya Arusha ikamtia hatiani, pamoja na kosa la ubakaji wa wanawake Watutsi uliofanywa na watu waliokuwa chini yake. Wote wawili walikuwa wanawake wasomi, wa mkoa mmoja na baraza moja la mawaziri. Kwa hiyo mwanamke kupewa kiti hakutoshi. Lililowatofautisha ni jibu la swali moja: je, haki ninayoitaka mimi, namtakia na yule asiye wa kabila langu?

Usiku wa 6 na asubuhi ya 7 Aprili

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali. Kisheria, mwenye mamlaka ya kuendesha serikali alikuwa waziri mkuu. Usiku ule Kanali Théoneste Bagosora na wenzake walikaa kikao, na mkuu wa jeshi la Umoja wa Mataifa, Jenerali Roméo Dallaire, akawaambia kwamba Agathe ndiye wa kushauriana naye. Bagosora alikataa katakata.

Agathe hakukimbia. Alizungumza kwa simu na redio ya Ufaransa, na mpango wake ulikuwa kwenda Redio Rwanda asubuhi awatulize wananchi. Wanajeshi wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walitumwa wamsindikize, na nyumbani kwake walikuwepo pia walinzi kutoka Ghana. Lakini Walinzi wa Rais walikwisha kuizingira nyumba. Wabelgiji kumi walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambi ya jeshi, wakauawa. Agathe na mumewe waliruka ukuta wakajificha katika makazi ya wafanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa. Askari waliwafuata huko. Inasimuliwa kwamba alijitokeza mwenyewe ili wasiendelee kupekua na kuwafikia watoto. Yeye na mumewe waliuawa hapo.

Siku hiyohiyo, kwa mpango uleule, waliuawa viongozi wengine waliopinga ubaguzi. Serikali ya mauaji haikuweza kuanza kazi yake huku waziri mkuu halali yuko hai. Siku mbili baadaye nafasi yake alipewa Jean Kambanda, ambaye mwaka 1998 alikiri kosa la mauaji ya kimbari mbele ya mahakama ya Arusha. Bagosora naye alitiwa hatiani na mahakama hiyo mwaka 2008, na kifo cha Agathe kilikuwa mojawapo ya makosa yake.

Mwislamu aliyewaficha watoto

Watoto wa Agathe walikuwa bado wamejificha pale. Aliyekwenda kuwatoa ni Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu kutoka Senegal, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dakar, aliyekuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha. Aliwapakia garini akawafunika, akawafikisha Hoteli ya Mille Collines, na hatimaye wakatolewa nchini. Leo wanaishi kwa sababu yake.

Hakuishia hapo. Kwa majuma kadhaa alipita kwenye vizuizi vya wauaji akiwa na watu wachache wachache ndani ya gari, akiwatuliza wauaji kwa mzaha na sigara. Tarehe 31 Mei 1994 kombora liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi, akafariki, akiwa amebakiza muda mfupi arudi kwao. Mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake. Sote tunaijua Sura ya Al-Maida na inavyoeleza uzito wa kuiokoa nafsi moja. Ndugu yetu huyu aliifanyia kazi, na hakuuliza kwanza dini wala kabila la nafsi yenyewe. Allah amrehemu.

Waliobaki hawakusubiri

Vita vilipokwisha, Rwanda ilikuwa nchi ya wajane. Januari 1995 wajane 50 walionusurika waliunda AVEGA Agahozo, wakaanza kulea yatima na kudai haki zao wakati nyumba nyingi zilikuwa bado hazina mapaa. Kikwazo kimojawapo kilikuwa mirathi: mwanamke aliyelima shamba maisha yake yote aliweza kufukuzwa na shemeji. Sheria ya mwaka 1999 ikampa mtoto wa kike haki ya kurithi kwa wazazi wake sawa na wa kiume. Katiba ya mwaka 2003 iliweka angalau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi kwa wanawake, na mwaka 2008 bunge la Rwanda likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake zaidi ya nusu.

Sisemi kwamba yote yamekwisha. Gashonga bado wapo wasichana wanaoacha shule kwa kukosa daftari au kwa mimba, na akina mama wanaovuka Rusizi na vikapu hawajawa wabunge. Lakini binti wa hapa akifaulu leo, jina lake linatoka kwa alama zake. Mimi mwenyewe niliitwa sekondari kwa alama, na aliyenisomea matokeo siku ile ni yule mama yangu mkubwa.

Dunia ya leo inawajua zaidi wanawake wa vitani kwa picha za bunduki. Wakurdi wa Syria waliunda kikosi cha wanawake, YPJ, mwaka 2013, na wanawake hao wakaulinda mji wa Kobani dhidi ya Daesh mwaka 2014 na 2015. Wao pia walitaka mambo mawili kwa pamoja, nchi yao isalimike na wao wawe sawa na kaka zao. Agathe hakushika bunduki, ila alielewa jambo lilelile. Mgawo wa kikabila shuleni na mauaji ya 1994 vilitoka kwenye kisima kimoja. Aliyesema usawa ungoje amani alikuwa anauacha moto uwake, kisha anashangaa moshi hautoki nje.

Agathe amezikwa Remera, Kigali, kwenye makaburi ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, jina lake hutajwa.

Dada zangu, msomeeni mama huyu kwa makini, hasa ninyi mnaosoma sayansi. Kaka zangu, kikao kijacho dada akiomba nafasi, tazameni uwezo wake kama Agathe alivyotaka alama za mtoto zitazamwe. Tukifanya hivyo hapa chuoni, tutakuwa tumeanza mahali alipoanzia yeye.

Wabillahi tawfiq.